Oili Imesimama Themanini na Sita

Tunduma, Jumatano jioni

Mwanangu Atupele,

Oili ya boti imefika nyuzi themanini na sita na imekaa hapo saa nzima. Amesema hayo mjomba wako Ambakisye, kwa simu, leo saa kumi kasorobo alasiri, akiwa amepanda juu ya kichuguu nyuma ya ufukwe kwa sababu chini hakuna mtandao. Maneno yake nimeyaandika kama alivyoyatamka: "Dada, imegoma kupanda! Na imegoma kushuka! Mwambie Atu imegoma kabisa!" Dakika tano baadaye ikaja picha ya geji. Mshale uko palepale aliposema.

Haya unayajua. Ulinipokonya simu kabla sijamaliza kuitikia, ukazunguka uani mara tatu na ufagio mkononi, kisha ukaenda kwa Mama Neema kumrudishia kipimajoto chake. Nasikia kupitia ua kwamba unamsimulia kila kitu tangu mwanzo, na kwamba kila ukifika kwenye themanini na sita mnapiga kelele wote wawili. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu habari ya namna hii ikikaa mdomoni wiki moja, oili itakuwa imefika mia na ishirini na mjomba wako atakuwa amefunga themostati kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Sumbawanga linaondoka na wewe ukiwa ndani. Jumatatu unatakiwa kwenye karakana ya boti, Kasanga. Ulisema mbele yangu na mbele ya baba yako kwamba oili isipopanda huendi, na sisi wawili tunajua kwamba ukisema neno hulirudishi. Kwa hiyo namba ya leo haikuwa ya injini tu. Mshale ungesimama kwenye hamsini na mbili, kama ulivyosimama wiki zote zile, nafasi ya Kasanga ingechukuliwa na mtu mwingine, na mjomba wako angebaki na injini ya tatu inayokufa taratibu.

Sitakuandikia kuhusu kula, kufua, wala watu wa kuwaamini. Bibi yako wa Ileje ameshayasema yote kwenye simu, mara mbili, na akaongeza sala. Nakuandikia kuhusu injini ya kwanza. Sehemu yake umeisikia kwa mjomba wako, sehemu umeisikia kwa fundi Zakaria. Kuna sehemu hujaisikia kwa mtu yeyote, kwa sababu ni yangu.

Ulikuwa darasa la sita. Boti ya Ambakisye ilizimika katikati ya Ziwa Rukwa ikiwa na abiria na magunia, na wavuvi wakaivuta mpaka ufukweni alasiri. Hakuna aliyeumia. Wakati huo nilikuwa tayari naripoti habari za mpakani kwa miaka mingi, na nilijiona najua kazi. Nilimpigia mjomba wako. Akasema injini imekufa kwa joto, fundi Zakaria ameweka oili mbovu na hakuiangalia. Nikaandika. Chanzo kimoja, tena ndugu yangu wa tumbo moja. Zakaria sikumtafuta. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, taarifa inasomwa saa mbili, na namba yake sikuwa nayo. Kuipata kungenichukua simu mbili. Nimehesabu baadaye.

Ilisomwa Jumamosi. Sentensi ya mwisho ilisema boti ilizimika "kutokana na uzembe wa fundi". Mjomba wako hakutamka neno uzembe. Hilo niliongeza mimi, kwa sababu sentensi ilikuwa fupi mno na ilihitaji mkia.

Siku nne baadaye Zakaria alikuja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa shule. Alikuwa ametoka ufukweni kwa pikipiki mpaka Mkwajuni na kuendelea na magari mpaka hapa, safari ya siku nzima, na alikuwa amebeba kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa plastiki. Hakukaa. Alisema, "Mwandishi, nimekuletea habari iliyobaki."

Akafungua kopo. Ndani mlikuwa na kifuniko cha kujazia oili, na chini ya kifuniko kuna kitu kizito cheupe kama mtindi uliochanganyika na majivu.

"Ni nini hiki?" nikamwuliza.

"Oili. Oili iliyolowa. Hii injini haijachemka hata siku moja, mama. Hii imekufa kwa baridi."

Nilicheka. Ningependa kuandika kwamba nilicheka kwa mshangao, lakini ilikuwa dharau.

"Baridi? Rukwa? Fundi, kule watu wanalala nje kwa joto."

"Watu ndiyo," akasema. "Oili hailali nje. Oili inapita kwenye kipoozeo alichokifunga Ambakisye, kile cha lori, na kipoozeo kinapitishiwa maji ya ziwa mchana kutwa. Mimi injini ikitoka safari naweka mkono chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Nauweka, siuondoi. Wewe umeona wapi injini imetoka kazini unaishika kama unamshika ng'ombe?"

Nikamwambia nitafuatilia. Wewe umekulia kwenye nyumba ya mwandishi, unajua neno hilo tunalitumia lini. Akaliacha kopo mezani akaondoka. Siku ya pili nililiosha, nikaweka sukari.

Ilikuwa rahisi kutomwamini, na nitakueleza kwa nini, maana huko uendako utakutana na urahisi wa namna hiyo. Hapa Tunduma sote tumekua tukitazama malori kwenye foleni ya mpaka. Injini zinachemka, maji yanatoka mvuke, dereva anafungua boneti anapunga khanga ya mtu. Fundi wa hapa ana dawa moja. Ukimpelekea gari lina tatizo la taa, kabla hujapata pa kukaa themostati imeshatoka na imetupwa. "Hii ya Wazungu, ya nchi za barafu," anakwambia. Dereva anashukuru kwa sababu anajua moto unavyoua injini. Baridi hajawahi kuiona ikiua. Mjomba wako alijifunza ufundi wake kwenye foleni hiyo hiyo. Aliposhuka ziwani alishuka na akili ya foleni, na kipoozeo cha oili cha semitrela.

Na baada ya redio kusema joto, alifanya nini? Alifunga kipoozeo kikubwa zaidi. Injini ya pili ikafa mwaka wa pili. Ya pili sikuiripoti. Hakuna aliyenipigia, na mimi sikupiga. Zakaria alikuwa ameshaondoka ufukweni, kwa kuwa hakuna mwenye boti aliyetaka kumpa injini mtu aliyetajwa redioni. Alikwenda Saza kutengeneza karasha za kusagia mawe ya dhahabu.

Ndipo ukaja wewe. Mwaka huu mvua zilipokatika, umemaliza chuo, ukaenda kumsalimu mjomba wako, na badala ya kukaa kivulini kama mgeni ukafungua kifuniko cha oili ukaingiza kidole. Ukanitumia picha ya kidole. "Mama, hii ni nini?"

Nilikuwa kwenye mkutano wa madiwani. Niliitazama ile picha, sikusikia tena diwani alikuwa anasema nini. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeiosha kwenye kopo kwa sabuni. Nikakujibu: "Mwulize fundi Zakaria, yuko Saza." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliandika jina hilo tangu nilipoliandika vibaya.

Ulichofanya kabla ya kwenda Saza ndicho nilichopaswa kufanya mimi na sikukifanya. Hukuamini kidole. Ulitoa kipoozeo, ukakizamisha kwenye beseni, ukajaza upepo, ukaangalia kama kinavuja maji kuingia kwenye oili. Hakikuvuja. Ukafunga geji, na kwa wiki tatu ukaandika kila safari: mzigo, muda, nyuzi. Safari ndefu kuliko zote, boti imejaa, jua la saa nane: hamsini na mbili. Mjomba wako alikuwa anapita nyuma yako akisema, "Andika, mjomba, andika. Nyumba ya mama yako imejaa madaftari, bado haijapata bati jipya."

Siku ya Saza tulipanda pikipiki moja, mimi katikati, na ulicheka njia nzima kwa namna nilivyomshika yule dereva. Zakaria alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Karasha ilikuwa inalia, ikabidi aizime.

"Shikamoo, fundi," ulisema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Atupele. Mjomba wangu ni Ambakisye wa boti."

"Aa." Akanitazama. "Na huyu namjua kwa sauti. Aseme kitu."

"Habari za kazi, fundi," nikasema.

"Ndiyo yeye."

Kisha akanisahau, akageukia kwako. Akakuuliza umepima. Ukamwambia hamsini na mbili. Akakuuliza kama umeangalia kipoozeo kinavuja. Ukamweleza beseni na upepo, na kwamba halikutoka povu hata moja. Kisha akaniuliza mimi, "Mwandishi, huyu umemzaa wewe?"

"Nimemzaa mimi."

"Basi kafanana na baba yake."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nami nilicheka. Nilistahili.

Alichokueleza pale nilikiandika, na nakiandika tena hapa kwa sababu sijawahi kusikia mtu akieleza kitu kigumu kwa maneno machache namna hiyo. Alisema injini ikiwaka inatengeneza unyevu wake yenyewe, kama kifuniko cha sufuria kinavyotoa jasho. Oili ikifika themanini, tisini, unyevu unaondoka kwa mvuke. Oili ikibaki hamsini, unyevu unabaki, unachanganyika, unakuwa mtindi, na mtindi haulainishi krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ukamwuliza kama utoe kipoozeo kabisa. "Usitoe," akasema. "Ipo siku ya upepo, mzigo mzima, utakililia. Weka mlango. Oili ikiwa baridi mlango umefungwa, inarudi kwenye injini bila kupita kwenye maji. Moto ukifika, mlango unafunguka wenyewe. Themostati ni mlango tu. Huku watu wanabomoa mlango halafu wanashangaa baridi inaingia."

Hakusema lolote kuhusu kopo. Nilimsubiri aseme. Alikuwa na nafasi nzuri, wewe umesimama pale unamsikiliza kama mtoto wa shule ya Jumapili, na neno moja lingetosha kukuonyesha mama yako ni nani. Hakulisema. Ulipokwenda kutazama karasha nikamwambia mwenyewe: "Fundi, lile kopo."

"Hujanirudishia," akasema. "Lilikuwa la chai yangu."

Nikaanza kumwomba radhi. Akaninyooshea mkono wenye grisi. "Usiniombe radhi huku kwenye vumbi, hakuna anayesikia. Injini ikipona, useme palepale uliposema. Saa ileile. Walionisikia nikizembea ndio wanisikie."

"Kwa nini tusubiri injini?"

"Kwa sababu na mimi naweza kuwa nimekosea. Hatujafunga, hatujapima."

Nimewahoji mawaziri na majambazi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo akiwa ndiye aliyedhulumiwa.

Sehemu iliyofuata najua utaisimulia Kasanga mpaka wakuchoke, kwa hiyo naiweka hapa kwa usahihi. Tulikwenda kwenye vyuma chakavu, upande ule wa malori, kutafuta themostati ya oili. Yule muuzaji kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikukabidhi nyumba ya themostati, chuma kizuri, kisafi. "Ba mayo, mama yangu, hii ni nzima kabisa," aliniambia mimi, ingawa mnunuzi ni wewe. Ukaifungua kwa spana yako. Ndani tupu.

"Hamna kitu humu," ulimwambia.

"Ndiyo, nimeshakutolea! Wateja wote wanataka ikiwa imetolewa. Wewe unataka na uchafu wake?"

"Nataka na uchafu wake."

Akawaita wenzake waje wakutazame. Mlipekua malori manane. Iliyopatikana ilikuwa kwenye lori lililopinduka likiwa jipya, kabla halijakutana na fundi wa Tunduma. Hiyo ni sentensi yako, nimeiazima.

Kisha jikoni kwangu. Ulifunga themostati kwa waya ukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, nami nikashika kipimajoto cha Mama Neema anachopimia maziwa ya mtindi. Naye akaja kusimama mlangoni kukilinda. "Mama Atu, leo mnakula chuma?" Ukamwambia ndiyo, na kachumbari. Sabini, hakuna kitu. Sabini na tano, hakuna. Nilianza kupata joto mimi. Sabini na tisa, ukapiga kelele: ule mlango ulikuwa umeanza kusogea, kama ukucha tu. Kabla maji hayajachemka, na unajua huku kwetu juu yanachemka kabla ya mia, ulikuwa wazi. Tulipoitoa ikapoa, ukajifunga. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu haikuhitajika. Tulikuwa tunaitazama tu kwa raha.

Nisimame hapo kidogo, kwa sababu kuna kosa jingine, na hili ulikuwepo.

Uliporudi na barua ya kuchaguliwa chuo, ukiwa na miaka kumi na saba, ulitoka stendi ukikimbia mpaka hapa. Ulinipa karatasi huku huwezi kupumua. Nikaisoma, nikasema, "Haina mhuri. Tusubiri yenye mhuri." Mhuri ulikuwa nyuma ya ukurasa. Ulichukua karatasi yako ukaenda kuwaonyesha wengine, na tangu siku hiyo habari zako njema nazisikia zikiwa zimeshapita kwa baba yako, kwa bibi, na kwa Mama Neema. Nilidhani nakufundisha uangalifu. Kazi yangu imenifundisha kutopokea kitu kikiwa bado cha moto, na nikaileta tabia hiyo mezani na kuiita malezi. Hupendi nikifananisha, kwa hiyo sitafananisha. Nasema tu kwamba siku ya sufuria ulipiga kelele mbele yangu kwanza, na mimi nikapiga kelele pia, na sufuria ile sijaisugua. Ina alama ya waya, na itabaki nayo.

Jumamosi iliyopita uliifunga. Mjomba wako alisimama juu yako muda wote.

"Mjomba, unataka oili isipoe? Kwenye joto hili? Nimekukosea nini?"

"Itapoa, mjomba. Ikihitaji."

"Injini ikifa hii, ubao wote wa boti naukata madawati ya kanisa. Na wewe utakaa la mbele, kila Jumapili, watu wakuone."

Uliunganisha mipira minne ya oili, ukaigusa kila mmoja ukitamka kwa sauti unakotoka na unakokwenda. Injini iliwaka, hakuna palipovuja, lakini dizeli ya safari ya majaribio ilikuwa haijafika na wewe ulipaswa kurudi kufungasha. Ukaondoka bila kujua. Siku nne hizi umekunja nguo zilezile mara sita.

Sasa kilichotokea leo baada ya simu ya mjomba wako, wakati wewe unazunguka na ufagio.

Nilimpigia Zakaria. Nikamwambia: themanini na sita, saa nzima. Karasha ilikuwa inalia, akasema nisubiri, akaizima. "Sema tena." Nikasema tena. "Kifuniko?" Nikamwambia Ambakisye amekifungua na kupitisha kitambaa cheupe, kimetoka na oili nyeusi safi, hakuna mtindi. Nilisikia anapumua. Kisha akasema, "Saa moja tu, mwandishi. Na boti tupu. Bado." Akauliza mzigo unatoka lini. Nikamwambia Jumamosi, mpunga, boti imejaa. Akasema atakuja kuishika injini mwenyewe. Ambakisye nilipomweleza akasema, "Aje. Nitamwekea kiti." Kwa mjomba wako, huko ndiko kuomba radhi.

"Na redioni nisubiri mpaka Jumamosi jioni?" nilimwuliza Zakaria.

"Subiri. Tupime na mzigo."

Nimefikiria hilo kuanzia hapa nyumbani mpaka studio, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na nimeamua kutomtii. Yeye anasubiri kujua kama alikuwa sahihi kuhusu oili. Mimi kosa langu halikuwa kuhusu oili. Ingekuwa injini ile ilikufa kwa joto, kwa mchanga, kwa radi, bado nilimtaja mtu kwa uzembe bila kumwuliza, na alipokuja na ushahidi mkononi niliuosha. Hilo halihitaji geji. Lilikuwa tayari kusemwa siku ile ile ya kopo, na nimelibeba tangu ukiwa darasa la sita nikiliita kufuatilia. Ukiwa Kasanga utafunga kitu vibaya, na utajua kabla ya mwenye boti kujua. Siku hiyo usijipe muda niliojipa mimi.

Nimerekodi saa kumi na moja na nusu, isikike Jumamosi saa mbili asubuhi, saa ileile ya taarifa ya kwanza. Nakunukulia yote, ni mafupi:

"Kituo hiki kiliwahi kutangaza kwamba boti ya abiria ilizimika Ziwa Rukwa kutokana na uzembe wa fundi. Taarifa hiyo haikuwa sahihi. Mwandishi hakumwuliza fundi. Fundi Zakaria alimfuata mwandishi na kumweleza kwamba injini ilikuwa ikifanya kazi na oili baridi, na alimwonyesha ushahidi. Mwandishi hakuutangaza. Jumatano wiki hii, boti ya mmiliki yuleyule, ikiwa na kifaa cha kuzuia oili isipoe kupita kiasi, imefanya safari ya majaribio bila mzigo na joto la oili limekaa sawa kwa saa moja. Safari ya kwanza yenye mzigo ni leo. Aliyeandika taarifa ile ni mimi ninayesoma hii."

Mhariri alitaka kuondoa sentensi ya mwisho. Imebaki. Nilitaka kukutaja wewe, mwanangu, ukweli nilitaka sana, nikaliandika jina lako mara mbili na kulikata. Dakika hii moja ni ya Zakaria. Yako inakuja, na haitasomwa na mama yako.

Sasa nasikia lango la Mama Neema, unarudi. Unaimba. Baba yako amepiga kutoka shambani, kijiji cha Ruanda, amemaliza kumwagilia miche ya kahawa, kesho atakuwa stendi kabla yetu na hataki tumcheleweshe. Barua hii nitaiweka kwenye sanduku lako la spana, kwa kuwa la nguo utalifungua mbele ya watu.

Jumamosi saa moja kamili asubuhi boti inaondoka ufukweni na magunia ya mpunga. Zakaria atakuwa kwenye injini, mjomba wako kwenye usukani, mimi na daftari lako nikisoma geji kila dakika kumi. Redio ya Ambakisye itakuwa imewashwa, nimemwomba, sijamwambia sababu. Saa mbili tutakuwa katikati ya ziwa na Zakaria atakuwa amekaa mbele yangu, hatua mbili, hana pa kwenda na mimi sina pa kwenda. Tukishuka ng'ambo, kama saa nne, nitapanda mahali penye mtandao na kukutumia namba zote, nzuri au mbaya, pamoja na alichosema.

Mama